Kiyoyozi cha Mama Mkwe

Vijana wa karakana, mmenibana niandike kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sababu magoti yamekataa ngazi lakini mkono bado unashika kalamu. Msitegemee hekima. Nimefunga na kutengeneza viyoyozi na hita za maji hapa Singida tangu ujanani, na nimeondoka kazini nikiwa na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo. Mambo ya vyeo nitayaruka, hayana faida kwenu. Nitawaeleza nilivyoanza, halafu nitawaeleza habari ya chumba kimoja kule Kinampanda kilichonisumbua kuliko majengo yote ya hapa mjini, kwa sababu karibu kimfukuze mama mzima kwenye nyumba yake, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wake.

Aliyenifundisha ni Mzee Idrisa, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mfupi, mpole, na alivaa koti hata Oktoba, jambo ambalo kwa fundi wa viyoyozi halikuwa tangazo zuri. Siku yangu ya kwanza alinipeleka nyuma ya ofisi moja, akaniambia nishike mabomba mawili ya shaba yanayoingia ukutani. Moja lilikuwa la baridi hadi linatoa jasho, la pili lilikuwa la vuguvugu.

"Hii mashine inatengeneza nini?" akauliza.

"Baridi, mzee."

"Hapana. Hakuna kitu kinachotengenezwa hapa. Inabeba joto la ndani inalitupa nje. Baridi ni jina tu tunalolipa joto likiondoka."

Nilimjibu ndiyo mzee, kwa heshima. Usiku huo upepo wa Singida, ule mnaoujua, ulikuwa unapiga mabati, na mimi nimejikunja chini ya mablanketi mawili nikitetemeshwa na kitu ambacho bosi wangu amesema hakipo. Nilidhani nitaelewa nikizoea kazi. Nimezoea kazi, nimestaafu, bado nasubiri.

Vifaa alivyonipa vilikuwa vichache. Geji ya kupimia gesi, klampu ya kupimia umeme, spana, na brashi ya kupakia rangi ambayo haikuwahi kugusa rangi. Hiyo brashi ndiyo iliyofanya kazi kuliko vingine vyote. Kiyoyozi cha hapa kwetu hakifi kwa uzee, kinakufa kwa vumbi. Unafungua chujio unakuta udongo wa kutosha kupanda mchicha, na mwenye nyumba amesimama nyuma yako anaapa kwamba anasafisha kila wiki. Msibishane naye. Pigeni brashi, rudisheni chujio, muagane vizuri.

Jambo kubwa la Mzee Idrisa lilikuwa moja, na ndilo litakalokuja kunitesa huko mbele. Hakuwa anafungua mkoba kabla ya kumuuliza mtu anayelala chumbani. Si mwenye nyumba, si mlinzi, si anayelipa. Anayelala. Tuliitwa nyumba ya wageni moja ambako mhudumu aliyekuwa analala chumba cha mwisho alilalamika kwamba kiyoyozi kimeharibika, kinampa mafua. Mimi nilishapanda ngazi na bisibisi mdomoni. Mzee Idrisa akavuta kiti, akamuuliza yule binti analala kichwa upande gani, anajifunika nini, anaamka saa ngapi. Kisha akashika kitanda, akakigeuza, akasema tumemaliza. Nilishuka ngazi nikarudisha vifaa nilivyokuwa nimevipanga vizuri kabisa. Niliona kama tumedanganya watu. Yule binti hakutuita tena.

Miaka ikaenda hivyo. Mzee Idrisa akarudi kwao, karakana ikawa chini yangu, na kila Juni nilishangaa upya kwamba watu wa mji wenye upepo kama huu wananunua mashine za kupuliza upepo. Sikuuliza sana, maana ndio waliokuwa wanalisha watoto wangu.

Sasa Kinampanda. Mke wangu, Mama Neema, ndiko kwao. Wazazi wake waliishi kwenye tembe, ile nyumba ya zamani ya paa la udongo, ya chini, ambayo mchana ina ubaridi na usiku ina joto bila kuuliza mtu wala kulipa umeme. Baba mkwe alipofariki akazikwa pembeni ya uwanja, na shemeji yangu Yona, mdogo wake mke wangu anayefanya kazi Dodoma, akamjengea mama nyumba ya tofali na bati. Nyumba nzuri, madirisha makubwa, dari ya juu. Tembe ikabomolewa. Kila mtu alifurahi isipokuwa mwili wa mama, uliokuwa umezoea nyumba nyingine. Ulipoingia msimu wa baridi, akaanza kukohoa, kifua kikambana.

Mama akafanya alichojua. Jioni moja akaingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha na mlango ili joto lisitoroke, akalala. Asubuhi jirani aliyekuja kuomba kiberiti alimkuta hajitambui. Wakamkimbiza hospitali Kiomboi. Mungu ni mwema, alizinduka, lakini yule muuguzi aliyemhudumia alimsema vibaya sana. Alimwambia moto ndani ya chumba kilichofungwa unakula hewa, na mtu anakufa huku anajiona amesinzia. Mama alirudi nyumbani amenyong'onyea kama mtoto aliyechapwa.

Yona hakusubiri. Alinunua kiyoyozi cha aina ya baridi na joto, ambacho ukibonyeza kinageuka na kupuliza hewa ya moto. Duka la Dodoma likaja na fundi wake, akakifunga, akaondoka. Yona akaniambia, "Shemeji, nimekuletea kazi mlangoni. Wewe ni kukihudumia tu." Akaongeza kwamba kama chumba hakitapata joto, atamchukua mama akaishi naye Dodoma, maana hawezi kumpoteza kwa sababu ya baridi. Hakusema kwa ubaya. Ila mama aliposikia habari ya Dodoma alikwenda kukaa karibu na kaburi la mumewe na hakula chakula cha mchana.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo baadhi yenu vijana wa mjini mtalicheka. Kwenye ukoo wa mke wangu, mkwe wa kiume haingii chumbani kwa mama mkwe. Haingii, hachungulii, hasimami mlangoni. Hamtazami usoni. Namwamkia shikamoo nikiwa nimesimama uani nikiangalia kuku, naye ananiitikia marahaba akiwa anaangalia anakokujua yeye. Zaidi ya salamu, maneno yote yanapitia kwa mke wangu, hata kama sote watatu tuko umbali wa kusikiana. Sijawahi kuona ubaya wake. Ni heshima, na tulikuwa tumeishi nayo vizuri miaka yote bila kugombana, jambo ambalo wenye kuongea moja kwa moja na mama wakwe zao wachache wanaweza kulisema.

Ila jaribuni kutengeneza kiyoyozi namna hiyo.

Simu ya kwanza ilikuja wiki chache baada ya mashine kufungwa. Mama alimwambia mke wangu kwamba mashine inanguruma vizuri lakini chumba ni cha baridi kama zizi, na kifua kimerudi. Tukapanda basi hadi Kiomboi, tukamalizia kwa pikipiki. Mama, kama ilivyo kawaida, alisikia pikipiki toka mbali, na tulipofika alikuwa ameshatoka chumbani yuko jikoni nje. Nikaamkia kuku. Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mashine ya nje, Mama Neema akaingia chumbani na rimoti.

"Washa!" nikapaza sauti.

"Imewaka!"

"Upepo unatoka?"

"Unatoka!"

"Wa moto?"

"Wa moto! Wee Baba Neema, humu tayari kuna joto, natoka jasho!"

Gesi ilikuwa sawa. Umeme sawa. Nikashika mabomba kama nilivyofundishwa, sawa. Niliona kosa moja dogo tu: tundu la ukutani mabomba yanapopita, yule fundi wa Dodoma alilijaza kipande cha sponji badala ya saruji. Nilitaka kuliziba. Halafu nikawaza saruji ikisukumwa toka nje inaweza kudondokea kitandani kwa mama mkwe, na mimi ndiye niliyeitupa. Nikaiacha sponji yake. Tukarudi mjini.

Siku hazikupita nyingi, simu tena. Baridi kama zizi.

Nilikwenda, ikafanya kazi. Niliondoka, ikaacha. Nikasema ni umeme, jioni unakuwa hafifu kijiji kizima kikiwasha taa, nikapeleka kidhibiti umeme. Mama akapiga simu, baridi. Nikasema labda anabonyeza rimoti vibaya, nikabandika karatasi nyekundu kwenye kitufe cha joto. Mke wangu akaniletea jibu la mama: anajua rangi, na kitufe anabonyeza hicho hicho chekundu. Nikabadilisha kihisi cha joto ambacho hakikuwa na kosa lolote. Kila safari nilimsikia Mama Neema akipaza sauti toka ndani kwamba anaungua, na kila nikifika Singida Mjini nilikuta simu inanisubiri.

Sitawaficha, nilichanganyikiwa. Mashine hazina aibu, hazijui fundi amekuja au ameondoka. Nilianza kulala nikiota mabomba. Nilikuwa nawatazama nyinyi vijana mnaniita fundi mkuu, nikawa sijui niitike au nikae kimya. Nilikumbuka Mzee Idrisa na lile la kumuuliza anayelala. Nilimtuma mke wangu amuulize mama: analala kichwa wapi, anajifunika nini, anaamka saa ngapi. Majibu yakaja, yote ya kawaida. Mtu ukiuliza kupitia kwa mwingine unajibiwa ulichouliza tu. Sikujua ni swali gani sijauliza.

Juni iliyofuata upepo ulikuja na hasira. Kikohozi cha mama kikawa kinasikika kwenye simu kuliko maneno yake. Yona akaja na gari toka Dodoma, akaniita nijaribu kwa mara ya mwisho, huku mabegi yanapangwa. Nilipofika uani niliona kuku wamefungwa miguu, wanasubiri kugawiwa majirani. Nikaona magunia ya alizeti ya mama yamesogezwa barazani. Niliumia jamani. Nilijiona kama mimi ndiye ninayemhamisha.

Nikarudia yale yale nyuma ya nyumba. Washa, imewaka. Wa moto, wa moto. Yona alisimama pembeni yangu na mikono mfukoni.

"Shemeji," akasema, "hii mashine ikikuona inafanya kazi. Sasa tufanyeje, tukutundike ukutani?"

Nilicheka. Yona akaenda kupakia magunia, akamwita dada yake amsaidie kushika. Nikabaki peke yangu nimechuchumaa mbele ya mashine, nina brashi mkononi, nasafisha mahali ambapo ni pasafi. Mama safari hii hakuwa jikoni. Alikuwa chumbani anakunja nguo zake.

"Fundi."

Niligeuka kuangalia nani anaitwa. Hapakuwa na mtu.

"Fundi, unanisikia?"

Sauti ilikuwa inatoka ukutani, kwenye lile tundu la mabomba. Sponji ilikuwa imevutwa ndani. Nilisimama haraka, nikageukia shamba ili nisije nikaonekana nachungulia.

"Nakusikia, Mama."

Yalikuwa maneno yetu ya kwanza nje ya salamu tangu nimuoe binti yake.

"Simwiti mkwe," akasema. "Namwita fundi. Huu moto unawaka wapi?"

"Moto gani, Mama?"

"Huu wa mashine. Nimeukagua siuoni. Unawaka hapo nje ulipo?"

"Hakuna moto, Mama."

"Kama hakuna moto, joto linatoka wapi?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Idrisa na mabomba yake. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi, kwamba mashine haitengenezi kitu, inabeba tu. Ikiwa ya baridi inatoa joto la ndani inatupa nje. Ikigeuzwa, inaokota joto la nje inaingiza ndani.

"La nje wapi?"

"Kwenye upepo."

"Upepo huu?"

"Huu huu, Mama. Limo kidogo."

Upepo wenyewe ulikuwa unanipiga usoni mpaka macho yanatoa machozi, na mimi nimesimama pale nasema una joto. Nikasikia kama anacheka, halafu akakohoa.

"Baba Neema, wewe unalielewa hilo?"

"Silielewi vizuri, Mama. Ila ndivyo inavyofanya."

"Na haili hewa? Kama jiko?"

"Haili hata kidogo."

Nikasikia anakaa kitandani.

"Sasa dirisha nilikuwa nafungua la nini?" akasema.

"Dirisha lipi, Mama?"

Akanieleza, pole pole, na kila neno lilikuwa linanishusha mabega. Muuguzi alimwambia penye moto chumbani asifunge dirisha. Mashine inatoa moto. Basi kila jioni aliwasha mashine kwa kitufe chekundu, akafungua dirisha lote la upande wa shamba, akalala akijua hatakufa. Akisikia pikipiki yangu, analifunga na kushusha pazia, kwa sababu mkwe anakuja na kitanda chake kinaonekana toka nje. Nikiondoka analifungua. Mke wangu kila alipoingia alikuta dirisha limefungwa, na hakushangaa. Angeshangaa kama lingekuwa wazi.

Kwa hiyo miezi yote ile mama alikuwa anapasha joto shamba lake la alizeti, na mimi nilikuwa nakuja toka Singida na heshima yangu kufunga dirisha bila kuligusa.

"Mbona hukuniuliza?" akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua kweli.

"Ningekuuliza vipi, Mama?"

"Kweli," akasema. "Na mimi ningekujibu vipi."

Nilimwomba afunge dirisha siku hiyo na asilifungue, ila jiko la mkaa lisikanyage chumbani hata siku moja, hilo muuguzi alisema kweli tupu. Nikaenda mbele kumwambia Yona. Aliniangalia, akamwangalia dada yake, wote wawili wakakaa chini barazani juu ya magunia. Sikujua wanacheka au wanalia, na nadhani wao pia hawakujua. Yona alisema atalala pale pale ajionee mwenyewe. Asubuhi mama alitoka chumbani amevaa gauni jepesi, akawafungua kuku miguu mmoja mmoja. Mabegi yakarudi ndani.

Sasa kabla sijaondoka siku ile ya mazungumzo, nilikuwa narudisha vifaa kwenye mkoba nikasikia tena ukutani.

"Fundi, na hili tundu? Upepo unaingia."

"Nilikuwa nataka kuliziba, Mama. Niliogopa saruji itaangukia kitandani."

"Nimesogeza kitanda. Ziba."

Nikakoroga saruji kidogo kwenye kifuniko cha ndoo. Nilipoinama na mwiko, nikiwa nimeangalia pembeni, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata mke wangu hajawahi kuniletea:

"Asante, Baba Neema. Nilikuwa sitaki kwenda Dodoma."

Fundi haachi tundu la mabomba wazi, hilo hata wewe wa mwaka wa kwanza unalijua. Nilijaza saruji, nikaisawazisha kwa kidole, nikasubiri ikauke.

Msiniulize kama nilifanya vizuri kuliziba, sijui. Mama yupo, Kinampanda, nyumbani kwake. Kila Juni nakwenda na brashi yangu, nawaamkia kuku, naitikiwa marahaba, na maneno mengine yanapitia kwa Mama Neema kama zamani. Tangu siku ile hatujasemezana tena. Chumba kina joto.